Picha Mia Nane za Bi Mwanatumu

Wizi una sura nyingi. Mwizi wa kuku hunaswa na manyoya, mwizi wa sukari hunaswa na chungu waliomfuata mpaka mlangoni. Kadzo yeye aliiba kitu kisicho manyoya wala utamu, kitu ambacho mwenyewe hakujua kimeondoka, na kwa miezi mitatu mizima alijiambia kwamba hakuiba.

Aliiba mwendo wa mtu.

Mwaka ulikuwa wa tisini na sita. Kadzo alikuwa na miaka ishirini na mmoja, mwanafunzi wa sanaa katika koleji moja ya hapo Tudor, akikaa na nyanyake Mbeyu, ambaye alimwita hawe kama Wagiriama wote wanavyowaita nyanya zao. Msichana mwenyewe hakuwa mbaya. Alichota maji bila kutumwa, alisalimia wakubwa, na mkono wake kwenye karatasi ulikuwa mwepesi kama wa mshona kofia. Lakini tangu mwalimu wao Nicanor alipofukua kamera kuukuu ya filamu katika stoo ya koleji, kamera inayopiga picha moja, ikangoja, ikapiga nyingine, Kadzo alikuwa hana usingizi wala hamu ya chakula.

"Picha inayokwenda," mwalimu Nicanor aliwaambia darasani, "ni picha nyingi zisizokwenda, zimepangwa foleni."

Basi Kadzo akaanza kupanga foleni. Alikwenda kwa wavuvi wa Liwatoni akaomba mifupa ya nguru, akailaza juu ya kioo chenye mchanga, akausogeza uti wa mgongo ukucha kwa ukucha ili samaki aogelee bila nyama. Nyumba ikanuka siku nne, na paka wa jirani wakafanya mkutano dirishani. Akafinyanga mtu wa unga wa chapati, mtu akakauka, shingo ikakatika. Akakata vipande vya leso na puluki zinazometa za nguo za arusi, akavifanya ndege. Filamu ikipelekwa kusafishwa hukaa wiki kadhaa, na kila iliporudi, mwalimu Nicanor aliitazama mpaka mwisho na kukuna ndevu.

"Vyasogea, Kadzo. Lakini havina uzito. Havijawahi kuchoka, havijawahi kuumwa. Acha vitu. Nenda ukamtazame mtu."

Maneno hayo ndiyo yaliyomponza, ingawa mwalimu hakuyasema kwa ubaya.

Jumamosi na Jumapili Kadzo alifanya kazi na Ruweida, mwanamke wa Kibokoni aliyekuwa akipiga video za arusi upande wa wanawake. Ruweida hakuwa na mume wala mtoto, alikuwa na kamera tu, na kamera hiyo ilikuwa imeingia katika vyumba ambavyo hata kadhi hajavichungulia. Kadzo alimshikia taa. Na Ruweida alikuwa na sharti moja, ambalo alimwambia Kadzo siku ya kwanza kabla hajamwambia mshahara: kanda huondoka na mwenyewe. Akimaliza kuunganisha picha, kanda ya kamera na kanda iliyounganishwa huzifunga pamoja ndani ya leso, akazipeleka kwa mikono yake mpaka kwa mama wa bibi arusi. Dukani hakibaki kitu, hata sauti ya kigelegele. Ndiyo maana wanawake wa Mji wa Kale walikubali kuvua buibui mbele ya lenzi yake, wakajifungua nywele, wakacheza kama walivyozaliwa kucheza. Walijua kuwa kinachotokea humo kitarudi kwao kimefungwa fundo.

Mwezi wa Aprili ikawa siku ya kupambwa bibi arusi, mjukuu wa Bi Mwanatumu.

Bi Mwanatumu alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani huko Kuze. Nusu ya watu wazima wa mtaa ule walijifunza alifu na be kwenye mkeka wake, na nusu nyingine walimwogopa tu. Alikuwa na miaka sitini na kitu, mrefu, mkavu, na goti la kulia lililoumia zamani. Akitembea, mguu ule huchelewa. Hunyanyuka, hungoja kidogo hewani kana kwamba unauliza njia, halafu ndipo unatua. Siku hiyo alikaa kwenye kiti tangu saa nane, anatazama wenzake wanavyocheza, anapiga makofi kwa vidole viwili. Wanawake wakaanza kumchokoza.

"Bi Mwanatumu, inuka. Au goti lina kufuli?"

"Kufuli lipo," akasema, "ufunguo alikwenda nao marehemu."

Wakacheka mpaka wengine wakafuta machozi. Kisha, hakuna aliyejua kwa nini, akainuka. Akafunga leso kiunoni, akasimama katikati ya chumba, akacheza lelemama ya ujana wake. Hakuruka. Alishuka bega la kushoto pole pole, mguu wa kulia ukangoja hewani, ngoma ikaungoja, nao ukatua pale pale ilipotakiwa, na mwisho akageuza kiganja juu, kama mtu anayeonyesha kuwa hakuficha kitu. Yule bibi arusi alilia mpaka wanja ukamwagika. Kadzo, mwenye taa, alilia naye, taa ikainama mpaka Ruweida akamkanyaga kidole cha mguu.

"Shika taa, mwanangu. Utalia kwenu."

Siku ya tatu walikuwa dukani wakiunganisha. Adhuhuri ikaadhiniwa, Ruweida akaingia chumba cha nyuma kusali. Kadzo akabaki na mashine mbili za video na kanda moja tupu. Swala ya adhuhuri si ndefu, na ngoma ya Bi Mwanatumu ilikuwa dakika nne. Ruweida aliporudi akikunja mswala, kanda ile ilikuwa tayari mkobani mwa Kadzo, imeandikwa ubavuni kwa kalamu nyekundu: Mapishi.

Jioni hiyo Ruweida alizifunga kanda mbili ndani ya leso kama kawaida yake, akazipeleka. Akarudi na sahani ya kaimati aliyopewa, wakala pamoja. Kadzo alikula saba. Baadaye, kila alipokumbuka, hizo saba ndizo zilizomkaa kooni kuliko kanda yenyewe.

Kazi ya kuchora aliifanyia nyumbani, mchana, hawe akiwa uani na kunde zake. Alilaza nailoni ngumu, angavu, ya kufunikia vitabu juu ya kioo cha televisheni, akabonyeza kitufe picha ikaganda inatetemeka, akafuata mstari wa mwili kwa wino mweusi. Bega. Kiuno. Goti. Halafu akasogeza kidogo, akachora tena. Picha nane kwa kila sekunde, sekunde mia moja za ile ngoma. Uso aliuacha mtupu kama yai. Hapo ndipo alipojificha moyoni mwake: mimi sikuchukua sura ya mtu. Nimechukua mistari. Nyuma ya mistari akapanga vipande vya leso, karatasi zilizochovywa chai, puluki na majani makavu ya mrehani, na kila nailoni aliipiga picha juu ya matandiko hayo. Kwa mara ya kwanza kitu alichokichora kilikuwa na uzito. Kilichoka. Kiliumwa. Alipouona mguu ule ukingoja hewani alijisikia furaha, na chini ya furaha kulikuwa na kitu kinachomkwaruza kama punje ya mchanga ndani ya kiatu.

Alasiri moja hawe aliingia na ungo wake, akakaa kitandani, akautazama ule mstari unaocheza.

"Kitendawili."

"Tega, hawe."

"Mgeni wangu hali, halali, hanywi maji, na chumba kimejaa yeye."

"Moshi."

"Si moshi."

"Harufu."

"Harufu ilikuwa ya samaki wako, hiyo imeshatoka. Nipe mji."

"Chukua Kaloleni."

"Nimekwenda Kaloleni, nimekunywa madafu, nimesalimia watu, nimerudi." Hawe akapepeta kunde mara mbili. "Ni huyo mama unayemchora. Wiki ya saba hii yuko kwetu. Yeye mwenyewe amejua?"

Kadzo akacheka kicheko kifupi. "Hawe, hiyo ni mistari tu."

"Mistari haina goti bovu," hawe akasema, akarudi uani.

Mwalimu Nicanor alipoiona filamu imerudi, hakukuna ndevu. Aliirudisha nyuma akaitazama tena, kisha mara ya tatu. "Huyu ni nani?" akauliza. Mlango wa kusema ulikuwa wazi kabisa. Kadzo akasema, "Ni mtu wa kichwani mwangu tu, mwalimu." Naye mwalimu akaiweka katika maonyesho.

Maonyesho yalifanyika Jumamosi baada ya alasiri, katika ukumbi mdogo karibu na Ngome ya Yesu, mahali ambapo wauza vinyago hupumzika jua likiwa kali. Kwa kuwa kazi zilikuwa za mtihani, hazikuwekwa majina bali namba, na ya Kadzo ilikuwa namba saba. Walikuja wazazi, wakaja walimu, na kwa kuwa mlango ulikuwa wazi na kiingilio hakuna, wakaja pia wanaume wa mitaa ya karibu waliotoka msikitini. Kadzo hakuwa amewaza hilo. Au aliwaza akalipita haraka, kama mtu anavyompita mdai wake njiani.

Taa zikazimwa. Shuka iliyotundikwa mbele ikang'aa. Mwanamke asiye na uso akashuka bega, mguu ukanyanyuka, ukangoja.

Safu ya pili alikaa Jamaldin, fundi viatu wa Kuze, mtu mpole asiyemdhuru hata mende. Akainama mbele. Akasema, si kwa sauti kubwa, kama mtu aliyekutana na jamaa yake safarini, "Huyu si Bi Mwanatumu?"

"Hana uso, wewe wamjuaje?" jirani yake akauliza.

"Viatu vyake natia soli mimi, miaka kumi na minane. Cha kulia huliwa kisigino upande wa nje, kwa sababu ya huko kungoja. Mtazame, ndivyo..." Hapo akasikia maneno yake mwenyewe. "Astaghfirullah," akasema, akafunika mdomo. Lakini neno ni kama yai, likishaanguka halizolewi likarudi mfukoni.

"Bi Mwanatumu wa chuo? Yuwacheza hivi?"

"Mimi alinichapa kwa kutikisa kichwa nikisoma. Kumbe yeye hutikisa vikubwa."

"Nyamaza, mama yetu huyo."

"Kwani nimemtukana? Namsifu kiuno."

Kikapita kicheko, kile cha wanaume kinachoanzia puani. Kadzo alikuwa amesimama ukutani. Angeweza kunyoosha mkono tu, akaufunika mwanga wa ile mashine ya kuonyeshea filamu kwa kiganja chake. Hatua mbili. Filamu ikaisha, watu wakapiga makofi, na Kadzo akashangaa kuona mikono yake nayo inapiga.

Kufika Jumatatu, waume walikuwa wamewaambia wake zao, na wake wakahesabu kwa vidole: siku ile chumbani iliingia kamera moja tu. Nyumba mbili zilizokuwa zimemwandika Ruweida kazi zikatuma watu kusema zimepata mpigaji mwingine. Mwanamke mmoja alipita mbele ya duka lake akasema hewani, bila kumtazama, kuwa siku hizi ukivua buibui Kibokoni, utalikuta linauzwa Tudor.

Jumatano Ruweida akamwita Kadzo. Alikuwa amekonda uso kwa siku mbili.

"Umesikia?"

"Nimesikia, dada."

"Ni katika koleji yenu."

"Ndiyo."

Kadzo akangoja swali linalofuata. Alikuwa amelingoja tangu Jumamosi, na alikuwa hajui atajibu nini. Swali halikuja.

"Wameniambia ni wewe," Ruweida akasema. "Kwa sababu wewe ni wa kuja, si wa dini yetu, na wasoma huko. Nikawaambia, Kadzo nimekaa naye miaka miwili, kijiko changu hakijapotea. Nikaapa. Nimeapa kwa jina la Mungu, Kadzo, mbele ya wanawake sita, kuwa wewe na mimi mikono yetu safi." Akapangusa meza ambayo haikuwa na vumbi. "Kesho twende kwa Bi Mwanatumu. Mimi peke yangu hawatanisadiki. Wewe ndiwe uliyeniona nikizifunga zile kanda. Wewe ndiwe shahidi wangu."

Njia kutoka Kibokoni mpaka Kuze ni fupi, lakini siku ya Alhamisi ilikuwa ndefu kuliko ya kwenda Kaloleni kwa miguu. Kadzo alijipangia maneno mawili. La kwanza lilikuwa rahisi: niliziona zikifungwa. Nalo lilikuwa kweli, wala hakuna neno lake lililokuwa uongo. Kanda zile mbili zilifungwa kweli, zikapelekwa kweli. Akilisema hilo, Ruweida atapona, yeye atapona, na lawama itabaki hewani mpaka ichoke. La pili hakutaka hata kulitazama.

Wakapiga hodi. Bi Mwanatumu mwenyewe akawafungulia. Chuo kilikuwa kwenye ukumbi wa kuingilia, na mkeka ulikuwa umekunjwa, mbao za watoto za kuandikia zimeegemezwa ukutani, kavu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wanangu. Piteni ndani. Leo hakuna watoto, nimewapa ruhusa."

"Wamefunga, bibi?" Ruweida akauliza.

"Nimewafungia mimi. Nikisoma hawanitazami mdomo. Wanitazama miguu."

Akawapa kahawa na tende, akauliza habari za nyumbani kwa Kadzo, akamuulizia hawe ambaye hakuwahi kumwona. Ruweida hakugusa kikombe.

"Bibi, mimi nimekuja kujitakasa. Sikuja mikono mitupu, nimekuja na shahidi."

Bi Mwanatumu akamgeukia Kadzo. Macho yake yalikuwa ya mtu aliyezoea kusikiliza watoto wakikosea na kuwangoja warudie.

"Sema, mwanangu. Utakalosema, mimi nitalipokea."

Laiti angemtilia shaka. Mtu akikushuku wapata pa kushikilia, waweza hata kukasirika. Lakini mlango uliofunguliwa hivyo, mwongo huingia akaanguka mwenyewe. Kadzo akafungua mdomo kusema niliziona zikifungwa, na lililotoka ni lile jingine.

"Ni mimi."

Ruweida akamshika mkono upesi. "Usijitwishe, Kadzo. Bibi, huyu ana moyo mwepesi, ataka kuniokoa."

"Ni mimi, dada. Ulipokwenda kusali adhuhuri. Nilinakili dakika nne. Kanda nimeiandika Mapishi, iko chini ya kitanda changu. Nikamchora bibi juu ya kioo cha televisheni, nikajiambia nikiondoa uso nimeondoa mtu."

Mkono wa Ruweida ukamwachia. Hakupiga kelele. Alijivuta tu juu ya busati, kiasi cha shibiri moja, na shibiri hiyo Kadzo aliiona ni bahari.

"Nimeapa," Ruweida akasema, akimwambia kikombe cha kahawa. "Nimeapa kwa ajili ya mtu nisiyemjua. Yanipasa nifunge siku tatu."

"Nifunge mimi, dada."

"Kiapo hakifungiwi na jirani."

Nje alipita muuza maji na mkokoteni wake, magurudumu yakalia mpaka yakaisha. Bi Mwanatumu alikuwa ameweka kiganja juu ya goti lake la kulia, kama mtu anayemfunika mtoto masikio.

"Umenichora mara ngapi?"

"Mia nane, bibi."

"Mia nane." Akatikisa kichwa kidogo. "Wanangu waliozaliwa na mimi hawajanitazama mara mia nane. Wewe umenitazama mguu, ukanitazama bega, ukanitazama mkono. Mara mia nane, mwanangu, na hata mara moja hukuona kuwa mimi ningetahayari?"

Kadzo alikuwa na majibu mengi ya koleji. Akayaacha yote.

"Niliona," akasema mwisho. "Niliona nikapita."

"Hilo ni jibu," Bi Mwanatumu akasema. Akanywa kahawa yake mpaka machicha. "Kosa lilifanyika katika chumba cha wanawake, litasemwa katika chumba cha wanawake. Kesho kuna kupamba Mkanyageni. Utasimama katikati, utasema kama ulivyosema hapa, huyu apate kurudishiwa jina lake. Kesho kutwa uniletee vyote. Filamu, kanda, na hizo mia nane."

Asubuhi ya Ijumaa Kadzo alikwenda kwanza kwa mwalimu Nicanor. Mwalimu alisikiliza amesimama. Alisema angeambiwa mapema angeizuia, na kwamba bila filamu hana cha kutia maksi, itabidi Kadzo arudie muhula. Kisha akamkabidhi ile reli ya filamu ndani ya kopo lake bila kumtazama. Huyo naye alikuwa ameonyesha watu kitu cha wizi bila kujua.

Huko Mkanyageni chumba kilijaa wanawake sabini na moshi wa udi. Waliponyamazishwa, Kadzo akasimama mahali pale pale ambapo watu husimama kucheza, akasema. Hakulia, maana aliona kulia ni kuomba kitu. Alisema jina lake, jina la mama yake, akasema Ruweida hakujua. Vipepeo vya ukili mikononi mwao viliendelea kupepea.

"Ukiumbwa na mkono mzuri, uutie adabu," akasema mmoja, mnene, karibu na mlango.

"Na mimi umenichora?" akauliza mwingine. "Maana nina goti pia."

Wachache wakacheka. Wengi hawakucheka. Aliyekuwa amefuta kazi ya Ruweida akaenda akakaa kando yake, akamnong'oneza, na Kadzo akaona Ruweida akiitikia kwa kichwa. Arusi moja imerudi. Kadzo alipotaka kuinyanyua taa kutoka sakafuni, kwa mazoea tu, Ruweida alikwisha kuiinua, akampa msichana mwingine.

"Nenda nyumbani, Kadzo," akasema, bila hasira. Angekuwa na hasira ingekuwa nafuu.

Jumamosi asubuhi alibeba sanduku mpaka Kuze. Reli na kanda Bi Mwanatumu akavitia ndani ya kasha lake la nguo, akafunga kwa ufunguo, akauchomeka ufunguo kifuani. Halafu akatoa beseni, sabuni ya kipande na sifongo, akaviweka uani kwenye kivuli. Kadzo alikuwa ameleta kiberiti mfukoni. Akamwonyesha.

"Cha nini? Katika chuo hatuchomi. Mtoto akikosea ubao, huuosha. Kaa."

Kadzo akakaa kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, akatia mkono majini. Nailoni ya kwanza ilikuwa bega tu linaanza kushuka. Wino ukashika kidogo, kisha ukatoka kama moshi, na nailoni ikabaki tupu kama haikuwahi kujua mtu. Akaianika kambani. Akashika ya pili.

Bi Mwanatumu alivuta kiti karibu. Hakuwa ameiona filamu, wala hakutaka kuiona, lakini nailoni aliziona zote, moja moja, kabla hazijaingia majini. Alizipokea kutoka sandukuni, akazitazama, akampa Kadzo. Maji yalipokuwa meusi Kadzo akauliza ayamwage wapi, kwa sababu alikuwa amesikia kuwa maji ya mbao za chuo hayamwagwi penye kukanyagwa.

"Yale yana maneno ya Mungu," Bi Mwanatumu akasema. "Haya mwaga mtaroni."

Jua likapanda. Kamba ikajaa, wakafunga ya pili. Vidole vya Kadzo vilikunjamana, na mgongo ukauma, na kwa kila nailoni alilijua goti lile linapoelekea kabla hajaliona, kama mtu anavyojua ngazi za nyumba yake gizani. Hakuwa na kitu kingine alichokijua vizuri hivyo. Naye alikuwa anakifuta.

Karibu na adhuhuri Bi Mwanatumu alipokea nailoni moja, hakuipitisha. Akainyanyua kwenye mwanga. Mguu ulikuwa hewani, bado unangoja, kichwa kisicho uso kimeinama upande. Akaitazama muda mrefu, mpaka Kadzo akaacha kusugua.

"Hapa nilimkumbuka marehemu," akasema. "Alikuwa akipenda kuupigia mluzi mguu huu utue."

Maji yakatulia beseni zima.

"Nikuachie hiyo, bibi?"

Bi Mwanatumu akaigeuza nailoni, akaitazama na upande wa pili, mguu wa kulia ukawa wa kushoto. Kisha akamnyooshea.

"Osha."

Kadzo akaosha. Sandukuni zilikuwa zimebaki mia tano na kitu.